Kijana wa drafti akigoma kusaini, fidia iwe zamu tu au na hela zake? Tumalizane kabla ya Jumamosi

Kamishna wa Uyole

Wakuu, habari za jioni.

Niwatoe hofu wapita njia. Drafti ninayoileta hapa sio ile ya vizibo vya soda inayochezwa pale Mwanjelwa chini ya mwavuli wa fundi simu, mtu akiliwa kete mbili anasingizia mbao imetingishwa. Hii ni drafti ya besiboli. Timu zinakaa kwa zamu na kuchagua vijana wapya wanaotoka sekondari na vyuo. Aliyeshika mkia msimu uliopita anachagua wa kwanza, bingwa anachagua wa mwisho. Marekani drafti yao ilianza 1965, ila tangu 2023 zamu sita za kwanza wanazipanga kwa bahati nasibu.

Sisi tuna ligi yetu ya mtandaoni, timu 12. Tisa zina wenyewe, kuanzia Mbeya mjini, Tukuyu, Makambako, Njombe hadi Iringa, na tatu zinaendeshwa na kompyuta kwa sababu wenyewe walioa wakapotea. Tunatumia Out of the Park Baseball. Kwa wasioijua, kwenye hili gemu hushiki gongo wala hurushi mpira. Wewe ni meneja mkuu: unasajili, unauza, unapanga kikosi, halafu unakaa na chai yako unasoma matokeo. Faili la ligi liko kwenye laptopu yangu, mimi ndiye ninayesukuma siku mbele, na kwa miaka minne sijawahi kulalamikiwa hadi mwezi huu.

Kisa chenyewe ni hiki. Msimu uliopita Mzee wa Makambako alikuwa na zamu ya 3. Akamchagua mrushaji wa sekondari ambaye kila mtu aliona anadai hela za kutisha. Thamani ya zamu ile kwenye ligi yetu, yaani hela iliyopangwa kumlipa kijana akisaini, ni dola milioni 7. Mzee akampelekea ofa ya milioni 1. Kijana akagoma, akaenda zake chuo. Kanuni yetu, niliyoiandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu huu, inasema timu ikishindwa kumsaini kijana wa raundi tatu za mwanzo, mwaka unaofuata inapewa zamu moja nyuma ya ile iliyopotea. Kwa hiyo Jumamosi hii Mzee ana zamu yake ya kawaida, ya 9, na juu yake ana zamu ya 4 ya fidia.

Hapo watu wamewaka. Wengine wanasema alifanya makusudi, wengine wanataka fidia ifutwe kabisa. Nimeona kwenye kundi la WhatsApp hatutafika, kila hoja inafukiwa na salamu za asubuhi na picha za maua. Leteni hoja hapa, taratibu, Ijumaa usiku nafunga.

Mpita Njia Mafinga

Nimeingia mbio nikijua ni drafti ya vizibo. Haya, nimeshakaa, endeleeni.

Baridi ya Njombe

Kamwene wakuu.

Mimi ndiye mwenye msiba, naomba nisikilizwe. Msimu uliopita nilimaliza wa nne kutoka mkiani. Nimefungwa mechi 97, nikavumilia, nikijua angalau nitachagua wa nne. Leo naambiwa mimi ni wa tano, kwa sababu katikati kapachikwa Mzee na fidia yake.

Watu wanaongelea fidia kama vile inatoka mbinguni. Haitoki mbinguni, inatoka kwangu! Na kwa wa tano, na wa sita, mpaka wa mwisho, kila mmoja kasogezwa hatua moja chini. Ni kama foleni ya mbolea ya ruzuku. Mtu alikuja jana akafika dirishani, akakataa mfuko kwa sababu hakuipenda rangi, leo anarudishwa mbele yangu eti "huyu jana hakupata".

Mjukuu wa Kalenga

Baridi, pole ndugu yangu, ila usiseme kama hili limetokea Njombe peke yake. Rockies wa Colorado yaliwakuta hayohayo 2015. Msimu wa 2014 walipoteza mechi 96, ni Arizona tu waliokuwa wabovu kuliko wao. Zamu ya 2 ilikuwa halali yao. Wakajikuta wa tatu kwa sababu Houston walipewa zamu ya 2 ya fidia. Na drafti ile timu tatu za mwanzo zote zilichukua shotistopu, yaani yule anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu: Arizona wakamchukua Dansby Swanson, Houston wakamchukua Alex Bregman, Rockies wakabaki na Brendan Rodgers. Angalieni wenyewe nani alikula mfupa.

Msimamo wangu: turudi kwenye utaratibu wa zamani. Kabla ya 2007, timu ikimkosa kijana wake wa raundi ya kwanza ilikuwa inapewa zamu ya ziada mwishoni mwa raundi hiyo, kabla ya raundi ya pili kuanza. Unapata kifuta jasho na hakuna anayesogezwa kwenye zamu za juu.

Mzee wa Makambako

Nimesoma yote. Nilikuwa shambani kupakia viazi, ndio nimetulia sasa.

Wajukuu zangu, mimi sijaiba kitu. Kanuni aliandika Kamishna, nikaisoma mara mbili, nikaitumia. Mbona Houston mnawataja kwa heshima na mimi mnanitaja kama mwizi wa kuku? Wao 2014 walimchagua Brady Aiken, kijana wa kwanza kabisa wa drafti nzima. Wakakubaliana milioni 6.5. Vipimo vilipotoka wakaona kano ya kiwiko haiko sawa, wakashusha ofa. Kijana akakataa, Julai 18 muda ukaisha, wakapewa zamu ya 2 mwaka uliofuata. Huyo Bregman waliyempata ndiye aliyekuwa kituo cha tatu walipobeba ubingwa wa 2017. (Yale mambo yao ya kuiba ishara za wapinzani ni uzi mwingine, msinichokoze.) Aiken mwenyewe kano ilikatika Machi 2015, akafanyiwa upasuaji, Cleveland wakamchukua wa 17, na ligi kuu hakufika.

Kwa hiyo aliyeogopa kununua ng'ombe mgonjwa ndiye aliyekuwa na akili. Mnataka nimsaini mtu kwa milioni 10 ili mfurahi?

Na wewe Mjukuu, ule utaratibu wako wa zamani una ubaya wake. Ukiniambia nikimkosa wa 3 nitapewa zamu mwishoni mwa raundi, basi kijana na wakala wake wamenishika shingo. Wanajua siwezi kuondoka mezani. Watadai mpaka shamba.

Mjukuu wa Kalenga

Hapo kwenye wakala nakubali, Mzee. Nimekaa nikafikiria nikaona ni kweli, na bila shaka ndiyo sababu waliubadilisha. Tangu hapo timu zinaweza kusema hapana bila kutetemeka. 2008 Yankees wa New York walimchagua mrushaji Gerrit Cole zamu ya 28, akawaambia anakwenda chuo cha UCLA. Mwaka uliofuata wakapewa ya 29. Washington nao 2008 hiyohiyo walimkosa Aaron Crow wa zamu ya 9, wakalipwa ya 10, wakamchukua Drew Storen.

Kuhusu Cole, Yankees walikuja kumpata hatimaye, Desemba 2019, kwa dola milioni 324. Posa ya kwanza ingekuwa nafuu.

Binti Tukuyu

Shikamoo Mzee, na wengine habari zenu.

Mimi timu yangu ni ya saba, huu ugomvi haunigusi sana, lakini kazi yangu ni vitabu vya hesabu na nimekaa na faili la ligi tangu jana usiku. Naomba mniruhusu niseme kitu ambacho naona wote mmekiruka. Mnagombania ZAMU. Zamu sio tatizo. Tatizo ni HELA.

Nianze na Marekani. Tangu 2012 kila timu ina kapu la bonasi, yaani hela za kuwalipa vijana wanaposaini. Kila zamu katika raundi kumi za mwanzo imepangiwa thamani yake, ukizijumlisha unapata kapu. Ndani ya kapu uko huru: unaweza kumlipa huyu pungufu ukamuongezea yule. Lakini kuna kifungu kimoja kidogo ambacho ndicho kinachobeba nyumba nzima: ukishindwa kumsaini kijana wa raundi hizo kumi, thamani ya zamu yake INATOLEWA kwenye kapu. Haibaki. Huwezi kuichukua ukamlipa mwingine.

Mzee umetutajia Aiken, lakini hukutaja Jacob Nix. Naye alikuwa mrushaji wa sekondari, Houston walimchagua raundi ya tano mwaka uleule wa 2014 wakakubaliana milioni 1.5. Hela ya kumlipa ilitegemea Aiken asaini kwa chini ya thamani ya zamu yake, ambayo ilikuwa dola 7,922,100. Aiken alipokataa, kile kiasi chote kikafutika kwenye kapu, na Nix ikabidi aachwe mikono mitupu, makubaliano yakiwa yameshafanyika. Wangemlipa wangevuka kapu kwa kiwango cha kupoteza zamu za raundi ya kwanza. Houston walipata Bregman, ndiyo, lakini walikosa vijana wawili mwaka ule na jina lao likachafuka. Fidia ile waliilipia.

Sasa turudi kwetu. Kanuni yetu ya hela ni sentensi moja, nainukuu kutoka kwenye faili: "Kapu la timu litabaki lilelile mpaka msimu uishe." Basi. Mzee alikuwa na kapu la milioni 14. Milioni 7 zilikuwa za yule mrushaji. Kijana alipogoma, zile 7 zikabaki ndani. Na raundi ya 4, 5 na 6, Mzee aliwachukua vijana watatu ambao sisi wote tuliwaruka kwa sababu madai yao yalikuwa makubwa. Amewasaini wote, na juu ya thamani ya zamu zao amewaongezea jumla ya milioni 6.

Kwa sheria za Marekani kapu lake lingeshuka hadi milioni 7, na matumizi yake ya milioni 13 yangekuwa yamelivuka kwa karibu asilimia 86. Kule ukivuka kwa zaidi ya asilimia 5 tu unaanza kunyang'anywa zamu ya raundi ya kwanza. Ukivuka zaidi ya 15 unapoteza mbili, na kila dola iliyozidi inatozwa kodi ya dola nyingine.

Kwa hiyo Mzee hakumkosa mtu. Alimchagua yule mrushaji AKIJUA hatamsaini, ili apate milioni 7 za kutembea nazo. Zamu ya 4 ni asusa tu.

Mpita Njia Mafinga

Loh.

Baridi ya Njombe

Mzee wangu!

Kamishna wa Uyole

Binti Tukuyu umenivua nguo hadharani. Ile sentensi niliiandika usiku umeme umekatika, laptopu ina asilimia 9 ya chaji, nikitaka tu nimalize. Nilidhani nawarahisishia watu hesabu.

Mzee, tuambie ukweli. Ulijua?

Mzee wa Makambako

Kamishna, mimi nimeuza viazi tangu wewe hujazaliwa. Mtu akiniambia gunia lijazwe mpaka hapo, nitalijaza mpaka hapo, na kama kuna mahali pa kuweka lumbesa nitaweka lumbesa mpaka aje mwenye mizani.

Nilijua.

Binti Tukuyu

Ahsante kwa kusema, Mzee. Na wala sikulaumu, na nisingependa tuandike kanuni mpya kana kwamba tunamwadhibu mtu. Kosa lilikuwa kwenye daftari.

Mjukuu wa Kalenga

Nimecheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda kaniuliza kama nauli imepungua.

Haya, kama tunanakili ya Marekani tunakili yote. Kuna kitu kingine wanacho: ofa ya kweli. Enzi za Aiken timu haikupewa fidia mpaka iwe imempelekea kijana ofa ya angalau asilimia 40 ya thamani ya zamu. Ndiyo maana Houston waliposhusha ofa walimpelekea milioni 3.1 na ushee: piga 7,922,100 mara 0.4 utaona haikuwa bahati nasibu. Ilikuwa ni kulinda zamu ya mwaka unaofuata. Siku hizi kijana aliyekubali kupimwa afya kabla ya drafti lazima apewe ofa ya asilimia 75 au zaidi.

Kwa waliooa humu, hiki ni kishika uchumba. Huwezi kwenda kwa wakwe mikono mitupu, ukakataliwa, halafu ukarudi mtaani kudai umedhulumiwa mke.

Mzee wa Makambako

Milioni 1 kwa 7 ni asilimia 14. Nilipeleka jogoo mmoja.

Baridi ya Njombe

Na jogoo mwenyewe alikuwa na mafua.

Ila niulize, hiyo asilimia 75 si itatuumiza? Gemu halinionyeshi kiwiko cha kijana kabla sijamchagua. Nikimchukua halafu nikagundua tatizo nalazimika kutoa robo tatu ya hela?

Mjukuu wa Kalenga

Hapana, hulazimiki. Unaweza kutoa pungufu, ila fidia hupati. Kumbuka Mets wa New York 2021: walimchagua mrushaji Kumar Rocker zamu ya 10, wakakubaliana milioni 6, wakaona vipimo vya mkono wakaingia mitini bila hata kumpelekea ofa. Bado walipewa zamu ya 11 mwaka 2022, kwa sababu Rocker hakuwa ameingia kwenye mpango wa vipimo vya kabla ya drafti. Hapo timu haibanwi. Rocker naye hakupoteza, 2022 Texas walimchukua wa tatu.

Kwa ligi yetu ambayo haina vipimo vya mapema, mimi ningesema ile 40 ya zamani inatosha.

Binti Tukuyu

Naunga mkono 40. Na nyingine ambayo hatujaigusa: zamu ya fidia nayo ikikosa saini?

Tuseme Jumamosi Mzee anachukua mtu kwa zamu ya 4, naye anagoma. Je mwakani anapewa ya 5? Halafu mwaka wa tatu ya 6? Kanuni yetu ilivyo sasa, ndiyo. Anaweza kuibeba hiyo zamu kama mtungi wa maji kichwani, miaka nenda rudi, akisubiri mwaka ambao vijana ni wazuri. Marekani hawaruhusu. Zamu ya fidia haifidiwi tena, ukimkosa huyo imekula kwako. Ndiyo maana timu yenye zamu ya fidia huwa inachagua kwa tahadhari, na wakala analijua hilo vilevile.

Mpita Njia Mafinga

Wakuu mimi ni mgeni lakini naomba kuuliza. Kijana akigoma, anapata nini? Mbona mnaongelea timu tu?

Kamishna wa Uyole

Mgeni umeuliza swali zuri kuliko wenye timu. Anaenda chuo, anacheza huko, halafu anarudi kwenye drafti nyingine. Kuna waliofaidika sana. Mark Appel alichaguliwa wa 8 na Pittsburgh 2012, akakataa milioni 3.8. Mwaka uliofuata Houston wakamchagua wa kwanza na kumlipa milioni 6.35. Na Danny Goodwin ndiye kichwa kigumu wa wote: alichaguliwa wa kwanza 1971 akakataa, akachaguliwa wa kwanza TENA 1975, ndipo akasaini. Hakuna mwingine aliyewahi kuchaguliwa wa kwanza mara mbili.

Ila ni kamari. Appel alikuja kugusa ligi kuu 2022, umri miaka 30. Aiken tumeshamsema.

Mjukuu wa Kalenga

Na huyohuyo Bregman naongezea. 2012 akiwa sekondari Boston walimchagua raundi ya 29, akakataa akaenda chuo cha LSU. Boston hawakupata fidia yoyote kwa sababu fidia inaishia raundi ya tatu. Miaka mitatu baadaye amekuwa yeye ndiye fidia ya mtu mwingine.

Baridi ya Njombe

Hiyo nimeipenda. Sasa na mimi fidia yangu iko wapi? Bado niko wa tano.

Kamishna wa Uyole

Nakuja huko. Kwanza suala la timu za kompyuta, maana nimeulizwa pembeni. Zile timu tatu hazina ujanja, zinachagua na kusaini kwa hesabu ya gemu. Kanuni zitakuwa zilezile, na ofa zao nitazikagua mimi. Tusipoteze muda hapo.

Na kuuza zamu za fidia: hapana. Kule Marekani zamu zinazouzika ni zile za kusaidia timu ndogo tu, nyingine hazigusiki. Kwetu naona hivyohivyo.

Haya, naandika. Mkiona kosa semeni sasa, maana mara hii naandika mchana na umeme upo.

Timu ikimkosa kijana wa raundi ya kwanza au ya pili, mwakani inapewa zamu moja nyuma ya ile iliyopotea. Ikimkosa wa raundi ya tatu, inapewa zamu ya ziada baada ya raundi ya tatu kuisha. Kuanzia ya nne hakuna kitu. Ili ipewe, iwe imepeleka ofa ya asilimia 40 au zaidi ya thamani ya zamu, na ofa ionekane kwenye faili kabla muda wa kusaini haujaisha, sio ya kuniambia kwa simu. Zamu ya fidia haifidiwi. Na thamani ya zamu ya kijana yeyote asiyesainiwa katika raundi zetu kumi inatoka kwenye kapu saa ileile. Atakayevuka kapu lililobaki kwa zaidi ya asilimia 5 anapoteza zamu ya raundi ya kwanza ya mwaka unaofuata.

Binti Tukuyu

Hapo kwenye "saa ileile" pana shimo. Mtu anaweza kuwasaini wa raundi ya 4, 5 na 6 kwanza kwa hela nyingi, halafu ndipo wa kwanza agome. Andika kwamba hesabu inapigwa siku ya mwisho ya kusaini, kwa matumizi yote kwa pamoja.

Mzee wa Makambako

Huyu binti ananisoma kama barua. Nilikuwa nimeshaliona hilo shimo nikanyamaza.

Kamishna wa Uyole

Nimerekebisha. Hesabu inapigwa siku ya mwisho, matumizi yote.

Sasa zamu ya 4 ya Jumamosi. Nimefikiria sana, hata uji umenipoa. Kanuni mpya inaanza na drafti hii. Mzee aliipata ile zamu kwa kanuni iliyokuwepo, nikiinyang'anya leo basi kesho mtu yeyote akinikasirisha naweza kuandika kanuni ya kumrudia nyuma. Anabaki nayo. Vijana wake watatu nao ni wake.

Baridi, nakuomba radhi. Makosa ni yangu na wewe ndiye unayeyalipia.

Baridi ya Njombe

Nimeumia lakini nimeelewa. Mzee angenyang'anywa, nami mwaka fulani ningekuja kunyang'anywa.

Ila Mzee, hiyo ya 4 haina fidia tena, umesikia? Ukichukua mtu wa madai makubwa umeumia.

Mzee wa Makambako

Nimesikia. Ndiyo maana nataka mtu wa chuo, mwaka wa mwisho, asiye na pa kukimbilia. Mdakaji yule wa timu ya kusini.

Baridi ya Njombe

Kwa hiyo yule mrushaji wa mkono wa kushoto humtaki?

Mzee wa Makambako

Wa kushoto yupi?

Baridi ya Njombe

Hakuna. Nilikosea kuandika.

Binti Tukuyu

Baridi, futa haraka, tunaona wote.

Mzee wa Makambako

Kamishna, nifungulie faili la vijana, nataka kuwaangalia warushaji upya.

Kamishna wa Uyole

Lipo kwenye kundi tangu jana. Drafti ni Jumamosi saa mbili usiku. Umeme ukikatika tunahamia Jumapili baada ya misa. Nafunga uzi.